Jina la Shangazi Kwenye Tiketi

Mimi kwa mambo ya mtandao sina mpinzani. Nipe simu yenye chaji na dakika kumi tu, nitakukatia tiketi ya ndege kutoka popote kwenda popote, na kiti cha dirishani juu yake. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Fundi, nimelala chali kitandani, mguu mmoja ukutani, mwaka wangu wa pili ughaibuni nikipakia maboksi ghalani.

Fundi ni mtu wa kwetu, fundi bomba, kanizidi miaka kumi na mitano, na tunakaa chumba kimoja. Alikuwa anakunja nguo zake. Hata hakuniangalia.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mwambie Shangazi yako. Yeye ndiye anayesafiri."

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka saba. Ni mshonaji. Kwa miezi minane macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, hadi kutunga uzi kwenye sindano akawa anaita jirani. Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja mji mkuu kwa siku tatu tu, na Shangazi alikuwa amepata nafasi yake: Jumatano asubuhi. Barabara ilikuwa imekatika, mvua imebeba daraja. Ilibaki ile ndege ndogo inayoruka kutoka mji wetu Jumanne na Ijumaa. Yaani Jumanne, la sivyo basi.

"Shangazi, wewe panga nguo," nilimwambia kwenye simu. "Ndege niachie mimi."

Tovuti ya shirika la ndege ilifunguka taratibu kama kabati lililovimba kwa unyevu. Nikachagua tarehe, ikanirudisha mwanzo. Nikachagua tena, ikanipeleka mwezi mwingine. Nikaweka namba za kadi, ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia kadi ya nje haipokelewi. Mara ya pili ikanifukuza kabisa. Mara ya tatu ikabadilika lugha, ikawa inanisemesha kwa maandishi ambayo hata Fundi hakuyajua.

"Dakika kumi zako sasa ni hamsini na tano," alisema. "Hicho kiti cha dirishani kipo bado?"

Ikabidi nimpigie wakala, dada mmoja mwenye ofisi mkabala na geti la uwanja wa ndege wa mji wetu. Anakata tiketi, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti. Sauti yake ilikuwa ya haraka, ya mtu mwenye foleni mbele yake. Akaniambia nisijali, walio nje wote huhangaika na ile tovuti wee, mwisho huishia kwake.

"Kaka, nitumie picha ya kitambulisho cha abiria."

"Ya nini, dada? Wewe andika, mimi nakutajia."

"Jina liwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho. Likipishana hapandi."

"Dada, huyu ni mtu aliyenilea."

Sasa hebu niseme ukweli. Shangazi kwangu alikuwa Shangazi. Majirani na wateja walimwita Bi Subira. Ndani ya nyumba ile ungethubutu kumwita mtu mzima kwa jina, kofi lingekukuta kabla hujamaliza silabi ya pili. Ripoti zangu za shule alisaini yeye, lakini sahihi yake ilikuwa mstari mmoja uliojipinda, kama uzi ulionaswa kwenye cherehani. Basi nikataja Subira, nikaongeza jina la babu. Dada akanirudia herufi kwa herufi, nami nikasema sawa, sawa, sawa, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kidato cha nne.

Nilipokata simu, Fundi alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Una uhakika na hilo jina?"

"Karibu."

"Karibu ndiyo nini? Mpigie umuulize."

"Nimpigie mtu aliyeniogesha, nimuulize anaitwa nani? Atasema baridi ya huku imenipanda kichwani." Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

"Bwana Mdogo, muulize tu. Mtacheka wote, yataisha."

Sikumuuliza. Tiketi ilipofika nikamtumia Shangazi kama picha, nikijua fika kwamba hawezi kuisoma. "Ukifika pale onyesha simu tu," nilimwambia. "Watakupitisha kama waziri."

Jumanne, nafunga kamba za viatu niende kazini, Fundi yuko bafuni maji yanamwagika, simu ikalia. Ilikuwa ya video. Kwanza nikaona sikio, kwa sababu Shangazi kila simu huibandika sikioni, halafu paji la uso, halafu kitambaa kipya cha kichwa, cha bluu.

"Mwanangu," alisema, "hapa wanasema mimi siye mimi."

Simu ikachukuliwa na karani wa ndege, kijana mwenye koti la nembo, kitambulisho cha Shangazi mkononi. "Kaka, tiketi ina Subira. Mama huyu siye Subira." Akasoma jina lililokuwa kwenye kitambulisho. Lilikuwa jina la kizamani, refu, zuri, na ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia. Miaka kumi na mbili nimekula kwa mkono wa mwanamke huyu, na karani asiyemjua kanitangulia kulijua jina lake.

Shangazi akacheka kidogo pembeni. "Subira ni lile neno la kwenye kibao cha mlangoni, jamani. Nilikitundika kwa ajili ya wale wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni leoleo. Wateja wakaligeuza likawa jina langu."

Kibao kile nimewahi kukipaka rangi mwenyewe, likizo ya kidato cha pili. Nikajisifu jinsi herufi zilivyonyooka.

"Si mnabadilisha tu?" nilimwuliza karani.

"Ingekuwa herufi moja, mbili, tungerekebisha. Hili ni jina zima, kaka, huyu ni abiria mwingine. Anahitaji tiketi mpya, na ndege imejaa. Labda Ijumaa."

"Ijumaa daktari ameshaondoka," alisema Shangazi, akiipokea simu yake. Hakuwa anacheka tena.

Dada wa tiketi akatokea anahema, amevuka barabara mbio baada ya kuitwa. Ndiyo nikamwona sura: binti wa rika langu, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Kaka, mimi niliandika ulivyonitajia. Nilikuomba picha ya kitambulisho."

Hapo nilikuwa na neno moja la kusema, fupi tu. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema: "Mimi nilikutajia jina kamili. Wewe ukaandika la mtaani. Mnaandika huku mnachati, halafu wagonjwa wetu ndio wanaumia!"

"La mtaani nitalijulia wapi, kaka? Mama huyu namwona leo."

Swali lilikuwa la maana. Shangazi akaingilia kati.

"Mwanangu hawezi kukosea jina langu," alisema. "Nimemlea mimi. Binti, una macho mawili mazima, umeshindwa kuandika jina moja?"

Shangazi ambaye wateja walimgombeza naye akiendelea kupima viuno vyao, leo alikuwa anapaza sauti mbele za watu, kwa ajili yangu. Foleni ikaguna. "Watu kama hawa wafungiwe ofisi," mwanamume mmoja alisema. Dada wa tiketi akatoa kalamu nywelini, akawa anaishika tu. Nyuma yao niliona abiria wanatoka mlangoni kwenda kwenye ndege, mmoja mmoja, na karani akikunja orodha yake.

Maji bafuni yakanyamaza. Fundi akatoka, taulo begani.

"Huyo nyuma yako nani?" Shangazi aliuliza, amesogeza simu karibu na jicho.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe Fundi unayekaa naye? Afadhali umekuja. Siku anakata tiketi ulikuwepo?"

Nikageuka, uso wangu ukaondoka kwenye simu. Nikamtikisia Fundi kichwa, kidogo tu, na kumkodolea macho ya kumwomba. Akaitundika taulo mlangoni.

"Nilikuwepo," alisema.

"Alimtajia binti jina gani?"

"Shangazi," nikaruka, "mtandao unakata, nitakupi..."

"Haukati," alisema Fundi. Akainama hadi uso wake ukajaa kwenye kioo. "Alitaja Subira, Shangazi. Nilimwambia akupigie akuulize jina lako. Akacheka."

Shangazi aliishusha simu taratibu, na kitu cha mwisho nilichoona ni dada wa tiketi ameinua uso, ananitazama.