Nafasi ya Pili Haiuzwi

Mimi Shigela nilikuwa wa pili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoleta ugomvi wote, na kwa sababu wapo watu hapa Mwanza ambao mpaka leo wanasema nilikuwa wa tatu. Waseme wakiwa mbali na mimi.

Mwaka 1998 mji ulikuwa umepagawa na ngumi za changanya. Unapiga ngumi, unapiga teke, unamkamata mwenzako unamwangusha, na chini mnaendelea. Watu waliziona kwenye kibanda cha video cha Nestory pale Igogo, na Nestory, ambaye hakuna biashara asiyoinusa, akaona hakuna haja ya kuangalia wageni kwenye kioo wakati wenyeji wenye hamu ya kupigana wamejaa mtaani. Akaunda kamati, akajipa uenyekiti, akatundika ubao ukutani. Juu jina la bingwa, chini yake majina manne. Ukipiga unapanda, ukipigwa unashuka, na wa pili ndiye anayemvaa wa kwanza. Hata mtoto angeelewa.

Bingwa alikuwa Odoyo, mvuvi wa pande za Shirati, mtu mrefu asiyependa maneno, mwenye mikono iliyokomazwa na nyavu. Wa pili mimi. Wa tatu Kashindye, kijana wa miaka ishirini na mbili, mpwa wa Masalu mwenye duka la baiskeli na redio. Huyo Kashindye nilimpiga mwezi wa tano kule Usagara, siku ya mnada, mbele ya watu na ng'ombe wao. Nilimbana chini mpaka akapigapiga ardhi kwa kiganja, na hiyo ndiyo namna ya kusema basi. Hakuna aliyebisha.

Sasa nikapita Igogo siku moja mwezi wa saba, nikakuta ubao umebadilika. Wa pili Kashindye. Wa tatu mimi. Na chini, kwa chaki nyekundu: Jumapili baada ya kanisa, uwanja wa mpira, Odoyo na Kashindye, bure, hisani ya duka la Masalu.

Sikuwa nimepigana na mtu tangu Usagara. Nilishushwaje bila kupigwa? Damu ilinichemka mpaka masikioni. Muda si mrefu kabla ya hapo, kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kilibandika ukutani majina ya waliopunguzwa kazi, na jina langu lilikuwemo. Siku ile nilivaa kofia nikaenda nyumbani kimya, nikidhani kilichoandikwa kimeshaamuliwa. Mbele ya ubao wa Nestory niliapa kwamba sipunguzwi mara mbili.

Nikaingia ndani bila hodi. Nestory alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na mwalimu Mihayo, anayefundisha karate, wanakunywa soda.

"Nani amenipiga?" nikauliza.

"Kaa kwanza, Shigela," Nestory akasema.

"Sikai. Nitajie mtu aliyenipiga."

Mihayo akaangalia chupa yake. Yeye ni mtu mwema, ila wema wake hauna sauti.

"Hakuna aliyekupiga," Nestory akasema, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Lakini wewe una miaka thelathini na nne. Unapigana vibaya kwa macho. Unamkumbatia mtu, unamlalia, mnakaa chini kama wagonjwa wa malaria, halafu umeshinda. Watu wanataka mateke. Kashindye ana mateke, ana sura, na mjomba wake anatoa jukwaa, vipaza sauti na zawadi. Zama zimebadilika, ndugu yangu. Siku hizi soko ndilo linaloamua."

"Na niliyempiga anapita juu yangu?"

"Mwenye nguvu mpishe."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huo msemo Dar hawakukufundisha?"

Nestory alicheka. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam akiwa na televisheni tatu na dharau nyingi. "Haya. Watu wakija kukuangalia wewe, njoo uniambie."

"Jumapili nitakuwa kwenye uwanja huohuo," nikamwambia. "Saa hiyohiyo. Goli la upande wa pili."

"Uwanja ni wa umma," akasema. "Karibu sana."

Hapo ndipo alipokosea, na Msukuma yeyote angemwambia. Mihayo alijua. Niliona jinsi alivyoinua kichwa ghafla. Huku kwetu, wacheza ngoma wakishindana, hawapokezani wala hawaitwi mmoja mmoja mbele ya majaji. Kundi la Bagika linacheza upande mmoja, kundi la Bagalu upande wa pili, wakati uleule, na watu wanakwenda wanakopendezwa. Anayekimbiwa ameshindwa. Hakuna rufaa.

Nilipomweleza mke wangu, Sabina, aliacha kuchambua mchele.

"Baba Winnie, umesema utasimama goli la pili. Utapigana na nani huko?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Hasira ilikuwa imefika uwanjani kabla yangu.

"Na Odoyo," nikasema.

"Odoyo atakuwa jukwaani na Kashindye."

"Nitamwita."

Nilidhani atacheka, na angecheka ningevunjika moyo kabisa. Badala yake akasema, "Basi unahitaji sauti. Twende kwa baba."

Baba yake, Mzee Ndalahwa wa Bujora, ni manju wa ngoma, na katika ujana wake alitunga nyimbo za matusi mpaka mtu mmoja akahama kijiji. Nilimpa shikamoo nikiwa mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa. Akasikiliza habari yote akitafuna muwa.

"Ngoma nitaleta," akasema. "Pombe ni juu yako. Ila mimi sipigii ngoma mkwe anayekimbia. Huyo Mjaluo akija, utasimama?"

"Nitasimama, baba."

"Akikuvunja?"

"Atavunja mtu aliyesimama."

Jumapili, watu wakatoka kanisani wakamiminika uwanjani. Jukwaa la Masalu lilikuwa na kamba za rangi, baiskeli mpya zimepangwa mbele, redio zinalia zote kwa pamoja. Kashindye alipanda na bukta nyekundu ya kung'aa, akarusha teke hewani, wasichana wakapiga vigelegele. Upande wangu kulikuwa na duara la majivu, ngoma nne, wazee saba, na mimi katikati, kifua wazi, peke yangu. Watazamaji wangu walikuwa watoto wachache na mbuzi wa mtu. Aibu niliionja siku ile, sitadanganya.

Ngoma zikaanza. Sabina akafunga kanga kiunoni, akaimba kwa Kisukuma wimbo aliotunga na baba yake. Kwa Kiswahili unakuwa hivi:

*Masalu ameuza baiskeli, ameuza redio,*
*sasa anauza nafasi ya pili.*
*Mwenye nafasi yupo hapa,*
*hajawekewa bei.*

Wanawake wa sokoni ndio waliokuja kwanza, kwa sababu tusi zuri likiimbwa vizuri hakuna anayetaka kulikosa. Ubeti wa pili ulimtaja Nestory na televisheni zake, na wanaume wakafuata. Wa tatu siurudii hapa. Vipaza sauti vya Masalu vikaongezwa, Mzee Ndalahwa naye akapiga kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka, anatabasamu kama kijana. Kati ya nyimbo nilipaza sauti: "Odoyo! Mimi Shigela! Sijapigwa na mtu! Nakungoja!"

Nikaona uwanja ukihama. Walikuja kumi kumi, kisha kwa makundi, wengine wamebeba viti vyao. Mihayo alivuka mwenyewe, mikono nyuma, akajifanya anatembea tu. Mwisho akaja hata kijana aliyewekwa kulinda baiskeli. Kule jukwaani wakabaki Masalu, Nestory na kipaza sauti chake, Kashindye, na Odoyo aliyeegemea kamba akituangalia.

Halafu Odoyo akashuka.

"Odoyo!" sauti ya Nestory ikasikika uwanja mzima. "Ukivuka huo uwanja wewe si bingwa tena! Nakufuta leo hii!"

Odoyo hakugeuka. Alivuka uwanja wote kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini, watu wakampisha, akasimama ukingoni mwa majivu.

"Umenisumbua, Shigela," akasema. "Tangu mwezi wa tano nakungoja wewe. Nikimpiga yule kijana, nitakuwa nimempiga nani?"

"Watakufuta."

"Wafute. Mikono watafuta?"

Akaingia.

Nitasema ukweli kwa sababu watu elfu moja walikuwepo. Nilimwangusha mara moja, na kelele za watu zilifika ziwani. Nilimlalia kama kawaida yangu, na mara hii hakuna aliyelalamika kwamba haipendezi. Lakini Odoyo alijipindua, sijui vipi, akapata mgongo wangu, na mkono wake ukaingia chini ya kidevu changu. Nilimsikia akininong'oneza nigonge ardhi. Nilikataa. Kiganja changu nilikikunja ngumi ili kisinisaliti. Kilichofuata ni maji usoni na Sabina akiniita jina langu la utotoni.

"Nimepigwa?" nikamuuliza.

"Umepigwa," akasema, analia na kucheka.

Na nilifurahi. Wallahi nilifurahi, shingo haigeuki, jicho moja limefumba. Nilikuwa nimepigwa na mtu, si na chaki. Odoyo aliniinua, akanishika mkono akauinua pamoja na wake, na Mzee Ndalahwa akatupigia ngoma sote wawili.

Kesho yake Nestory alitimiza ahadi. Alifuta jina la Odoyo, akafuta langu. Ubao ukasomeka: wa kwanza, Kashindye. Igogo nzima ilipita pale kuangalia na kucheka, na wiki ile kibanda cha video kilibaki na mabenchi matupu.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, shingo imefungwa kitambaa cha maji ya moto, nikamwona Kashindye anakuja kwa miguu, peke yake, bila ile bukta. Akasimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa kudai deni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mjomba wako anajua uko hapa?"

"Hajui. Kaka, ubao unasema mimi ni wa kwanza. Nikipita mtaani watoto wananiita bingwa, halafu wanacheka. Nimemwambia Nestory anifute, amekataa. Nataka kuanza upya, kwa haki. Nimekuja kukuuliza, nianze na nani?"

Nilimwangalia. Alikuwa amesimama, hakurudi nyuma. Nikafungua kile kitambaa shingoni, nikakiweka chini, nikanyanyuka.

"Anza na mimi," nikamwambia.