Bei ya Kuanzia

Mwaka wa kodi wa Waingereza huanza tarehe sita Aprili. Usiniulize kwa nini sita. Mume wangu Vénant huuliza kila mwaka zile siku tano za mwanzo wamezipeleka wapi, na kila mwaka hucheka peke yake.

Mimi siku hiyo naiheshimu. Kampuni moja ya London hunipa kazi za kutafsiri Kirundi na Kiswahili, barua za hospitali zaidi, nami nazifanya jikoni kwangu hapa Hjulsta, kwa Waswidi, bila bosi. Mwaka wa kodi ukianza, kampuni hupanga upya orodha ya watafsiri, na kila mtafsiri huandika bei yake. Miaka minne niliandika peni sita kwa neno. Lakini mwaka ule wa 2010 nyumba ya wazee ya Jakobsberg ilinipa nafasi ya kazi ya kudumu, wakataka jibu ifikapo Ijumaa, na kwa peni sita nisingeweza kuikataa.

Basi nikaandika kumi na mbili. Si kwamba nilizitaka zote! Nimelelewa sokoni Bujumbura, nyuma ya mafungu ya nyanya ya mama yangu. Unataja kumi na mbili, mteja anaguna, anataja tano, mnakutana kwenye nane, kila mtu anakwenda kwao ameridhika. Maneno ya kubishania nilikuwa nimeshayaandaa.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi binti yetu Belyse aliporudi shuleni nikamsimulia, akashika kichwa.

"Men mamma, man prutar inte!" Kiswidi hicho, yaani kwa wenzetu Wazungu bei haibishaniwi, ikiwakera wanakwenda kwa mwingine, wala hawaagi.

"Mtaka yote hukosa yote, Mama Belyse," Vénant akasema, akijiongezea maharagwe.

Niliogopa, sikufichi. Kutunza wazee si aibu hata kidogo, lakini mimi napenda kazi yangu, na napenda jikoni kwangu.

Ijumaa asubuhi barua pepe ikaingia, mistari miwili tu. Wamekubali kumi na mbili, na wana kazi za kunitosha mpaka Juni.

Nilipiga vigelegele hata jirani akagonga ukuta. Kisha nikakaa. Hawakuguna! Mteja akilipa bei ya kwanza bila kuguna, ujue umeuza rahisi. Hilo kila mtoto wa sokoni analijua.

"Vénant," nikasema, "miaka minne yote nimekuwa nikijipunja, halafu nawaandikia asante."

Safari hii hakucheka. Akanisogezea simu. "Basi piga Jakobsberg, uwaambie una kazi."

Nikapiga. Mama aliyepokea alikuwa mpole, akanipongeza, akauliza ni kazi gani hiyo niliyoipata.

"Ile ile niliyokuwa nayo," nikamjibu, na kwa furaha niliyokuwa nayo nikakata simu bila kumuaga.