Ndefu kuliko ya Sadrack

Tangu jirani yangu Sadrack, mfua mazulia kama mimi, anunue mashine ya kukamua mazulia, chakula kilinikaa kooni. Ni mashine ndefu kama bomba: unaviringisha zulia lililofuliwa, unalisukuma ndani, linazungushwa kwa kasi mpaka maji yatoke. Kwake linakaukia ndani ya nyumba siku ileile. Mimi naanika ukutani, malori ya madini yanapita, vumbi jekundu linarudi palepale nilipolitoa. Wateja wangu wakaanza kuvuka barabara kwenda kwake. Mteja mkubwa aliyebaki ni Mama Tshibola, naye alinionya: nikimrudishia tena zulia lenye vumbi, anavuka.

Nikaenda na mke wangu, Chancelle, kwa muuzaji wa mashine hizo.

"Mazulia yenu iko na upana gani?" muuzaji aliuliza.

"Sadrack alikamata mashine ya metre ngapi?" nikauliza.

"Tatu."

"Mi nakamata ya ine," nikasema, nikimwonyesha vidole vinne.

Chancelle akacheka. "Tata Ariel, unanunua mashine ya mazulia ao ya Sadrack? Mazulia yetu yote ni ya metre mbili!"

Muuzaji akasema ile ndefu inataka umeme wa viwandani, wa nyaya tatu; fupi inatosha na wa nyumbani. Nilimsikia vizuri. Lakini fupi ni fupi.

Siku ilipoletwa, mtaa mzima ulitoka kutazama, Sadrack pia. Nilikula nikashiba.

Ijumaa Mama Tshibola akaleta zulia la sebule. Kesho yake wakwe walikuwa wanamletea binti yake mahari. Nikalifua, nikamwita fundi aunganishe mashine. Akatazama mota, akatazama waya wetu, akafunga mfuko wake.

"Hapa haitazunguka, tata."

Zulia lilikuwa linachuruzika maji. Chancelle akaliviringisha.

"Shika huko. Tunavuka."

"Kwa Sadrack? Hapana!"

"Basi Mama Tshibola atavuka mwenyewe."

Tukavuka. Sadrack akalipokea upande mmoja. Akalikamua, likakaukia kwake, akatusaidia kulirudisha kwangu, bega lake chini ya zulia. Jioni Mama Tshibola akatukuta sote watatu tumesimama kando ya mashine yangu. Akapapasa zulia.

"Iko mukavu! Tata Ariel, hii mashine yako iko na nguvu kabisa!"

Nikamtazama Sadrack.

"Iko na nguvu, mama," akasema, akavuka barabara kurudi kwake.

Mama Tshibola alibaki kwangu. Lakini yule mtu, afadhali angenicheka.