Ramani Mpya ya Vyoo

Chepkemoi alikuwa na wivu, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Miaka minne alisimamia ujenzi wa nyumba za kupangisha za Mzee Ogada hapa Free Area. Kisha jengo la ghorofa likapewa Wawira, msichana wa diploma ya juzi, naye Chepkemoi akaachiwa stoo ya simiti na misumari.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya slab, kumwaga zege la sakafu ya ghorofa. Mixa ya zege ilinguruma, vibarua walipanga foleni na makarai, na githeri ya mahindi na maharagwe ilitokota kando, maana siku ya slab hakuna anayebeba zege na njaa. Wawira alikuwa juu, akikagua vyuma.

"Mathe, umeona injinia wetu?" Kiptum, fundi mkuu, akamchokoza. "Huyo ni moto!"

"Moto huchoma," Chepkemoi akamjibu, akapanda ngazi.

Aliona mara moja. Maboksi ya mbao ya kuachia mabomba ya choo nafasi yalikuwa upande wa barabara, kama ramani ya kwanza ilivyotaka. Ramani mpya, iliyohamishia vyoo upande wa nyuma, ilikuwa mkobani mwake mwenyewe. Mchoraji alimwachia yeye Jumatatu ampe Wawira. Alijiambia atampa kesho, na kesho ikawa inasogea.

Angenyamaza tu. Zege lingekauka, kuta zingepanda, halafu siku ya mabomba wangeitoboa slab kwa nyundo na patasi, vumbi hadi kooni. Hapo Mzee angejua injinia wake ni wa namna gani. Utamu wa wazo hilo ulimjaa mdomoni.

Karai la kwanza likafika juu.

"Zima mixa!" akafoka. "Zima, nimesema!"

Wawira akaja, akapokea ramani kutoka kwa Chepkemoi, akaikunjua, akaisoma yote. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, umekaa nayo tangu lini?"

"Jumatatu."

Wawira alimtazama kidogo, kisha akawageukia maseremala. "Ng'oeni maboksi. Tunahamia nyuma."

Mzee Ogada akafika mbio. "Mbona mixa imenyamaza?" akauliza.

"Ramani ilibadilika, Mzee," Wawira akasema. "Mama hapa ndiye ametuokoa. Tungekuja kuvunja."

Mzee akampa Chepkemoi mkono, akamshukuru mbele ya watu wote. Chepkemoi aliupokea, uso ukimwaka. Hata kwa wema, msichana yule alikuwa amemshinda.