Gardien Hana Kosa

Mdogo wangu Firmin alikuwa na mikono miwili iliyotegemewa na chuo kizima, na kichwa kimoja ambacho hakuna aliyekuwa tayari kukijibia. Mikono ilidaka mipira. Kichwa kilikaa tu huko juu, karibu na mwamba wa goli, kikipigwa na upepo wa ziwa.

Nasema hivi na ninampenda. Mama yetu alimleta kwangu Bukavu kutoka Nyantende pamoja na kapu la maharagwe, akaniambia, "Micheline, huyu sasa iko wako." Maharagwe yaliisha upesi. Firmin akabaki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hasira zangu ziko karibu, sikatai. Kioo kikivunjika darasani ninauliza "Nani?" na vidole vyote vinaelekea kwa jirani. Nilidhani huo ni ugonjwa wa utotoni. Kumbe mtu anaweza kukua nao mpaka akapewa ofisi na muhuri.

Ulikuwa mwaka wa 2000, mji uko mikononi mwa waasi. Institut Umoja, chuo cha sheria alichosoma Firmin, kilibandika matokeo ukutani wiki ileile ambayo timu yake ilijiandaa kwa fainali dhidi ya chuo cha Bagira. Firmin ndiye aliyekuwa golini. Kwetu mtu huyo tunamwita gardien. Masomo yote alikuwa amepita akichechemea, isipokuwa droit civil, sheria ya madai: sita juu ya ishirini. Na alikuwa anarudia mwaka. Akibaki na sita ile anafukuzwa, na kwa kanuni ya mashindano, asiye étudiant régulier, yaani mwanafunzi aliye sawa na chuo chake, hagusi mpira.

Fainali haikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni kadi. Chuo kilikuwa kimewanyang'anya walioanguka kadi zao mpaka mambo yao yaeleweke. Siku zile kijana akifika kwenye kizuizi cha askari bila kadi, anaulizwa kama yeye ni Mai-Mai, wale wa msituni wanaopigana na waasi. Akisema ndiyo, amekwisha. Akisema hapana, anaambiwa basi njoo upigane upande wetu. Vijana wawili wa jirani walisema hapana, wakapandishwa lori, na mama zao wanawangoja mpaka leo. Na Firmin si mtu wa kumficha nyuma ya kitenge. Mlango wangu anaupita kwa kuinama.

Kwa hiyo nilivaa viatu vyangu vya misa, nikaenda kumtafuta anayehusika.

Nilianza na kocha, Papa Apollinaire, niliyemkuta kiwanjani na filimbi mdomoni.

"Firmin?" alisema. "Ule mutoto iko régulier kabisa!"

"Régulier namna gani, papa, na sita juu ya ishirini?"

"Hakosake entraînement! Hata mvua inyeshe, iko pale. Sasa kama ule haiko régulier, nani iko régulier?"

Ndivyo alivyoielewa kanuni: régulier ni yule anayekuja mazoezini kila siku. Nikamuuliza kuhusu masomo. Aliitoa filimbi mdomoni kwa heshima.

"Maman, mimi niko responsable ya mikono na miguu. Kuanzia shingo kwenda juu, uone secrétaire académique."

Katibu huyo wa masomo aliitwa Monsieur Barthélemy. Alikuwa na meza safi sana, na katikati ya meza muhuri, basi.

"Madame, mimi niko responsable ya ma-points zenye zimekwisha kufika hapa," alisema. "Mbele zifike, ni mambo ya professeur. Na mbele ya professeur, ni mambo ya mulezi." Akanitazama juu ya miwani. "Mulezi wa mutoto ni nani?"

"Ni mimi."

"Ah! Basi umekwisha kupata responsable."

Kidogo nimpige na muhuri wake. Nilimkumbusha kwamba Firmin alipokuwa anadaka mitaani, chuo kilikuja chenyewe nyumbani kwangu na fanta mkononi kumwomba. Siku hiyo hakuna aliyetaja mlezi. Nikamuuliza ni nani aliyeweka mazoezi saa zilezile za droit civil.

"Horaire ya entraînement ni ya coach," alisema.

Nikarudi kwa kocha. "Horaire ya cours ni ya secrétaire," alisema kocha.

Nilipiga kelele mpaka wakaitisha mkutano. Walikaa mchana kutwa, nami nikawangoja mlangoni. Walipotoka walikuwa na nyuso za watu waliotua mzigo: mkutano umeona kwa sauti moja kwamba anayehusika ni Profesa Pascal wa droit civil. Profesa Pascal ndiye peke yake ambaye hakuwa mkutanoni.

Nilimkuta mahali alipofikia, kwenye nyumba ya wageni ya mapadri, akila sambaza, visamaki vya ziwa letu, kwa vidole. Alikuwa mgeni kutoka Kisangani. Wakati ule maprofesa waliletwa kwa ndege ndogo, wanafundisha mbiombio na kurudi kabla njia haijafungwa. Aliponisikia nikitaja jina la Firmin, aliacha samaki.

"Gardien!" alisema. "Madame, kaa chini. Kaa."

Akanionyesha karatasi ya mtihani. Swali lilikuwa fupi: kitu kikileta hasara, nani anayewajibika, mwenye mali au gardien? Katika sheria, gardien ni yule ambaye kitu kiko chini ya ulinzi wake, yaani garde yake, na ndiye anayejibu. Wanafunzi wote waliandika hivyo. Firmin peke yake alipoona neno gardien alidhani ametukanwa. Alijaza ukurasa mzima akijitetea. Aliandika kwamba watu wanapenda kumlaumu gardien kwa sababu ndiye wa mwisho, lakini mbele yake kuna mabeki wanne. Akaeleza jinsi beki wa kushoto, Willy, alivyoacha nafasi yake katika nusu fainali akaenda kunywa maji. Alimalizia kwa herufi kubwa: GARDIEN HANA KOSA. KOSA NI LA WILLY.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Ile sita nimemupa juu alieleza mechi muzuri," alisema profesa. "Willy alifanya vibaya kweli."

Nilimlilia. Nilimweleza habari ya kadi na ya lori, na hapo uso wake ulibadilika. Alisema anaweza kumhoji kwa mdomo, lakini Jumapili tu baada ya misa, kabla gari halijampeleka uwanja wa ndege wa Kavumu. Na Jumapili baada ya misa ndiyo fainali.

Nikarudi tena chuoni. Monsieur Barthélemy, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuamua kitu, aliamua: Firmin atakuwa régulier kwa muda, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka profesa atakaposema. Mtihani utafanyika nyuma ya goli. Watu wa Bagira walicheka hadi kushika mbavu, kisha wakakubali kwa sharti kwamba akianguka mtihani anatoka golini papo hapo, na hakuna wa kumbadilisha.

Siku zilizobaki nilimfundisha jikoni kama ninavyofundisha watoto wangu.

"Mbuzi ya Maman Valérie imekula sombe mu shamba ya jirani. Nani analipa?"

"Willy," alisema Firmin.

Nilimpiga na mwiko. "Mbuzi ilikuwa mukononi mwa nani?"

"Mwa Maman Valérie. Lakini dada, kama Willy angebaki pale kushoto, ile mbuzi ingepita wapi?"

Kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili timu ilimpitia Firmin kwa pikapu, amelala chini kati ya mabegi ili asionekane kizuizini. Uwanja wa Kadutu ulikuwa umejaa. Profesa Pascal alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya wavu, mwavuli mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, na gari lake nyuma yake, dereva akipiga honi. Mimi nilisimama pembeni nikisali rozari kwa kasi isiyo ya kikristo.

Mpira ulipokwenda upande wa pili, profesa aliuliza. "Imbwa imeuma mutu mu njia. Nani anajibu?"

"Mwenye kuichunga!" alijibu Firmin bila kugeuka.

"Juu ya nini?"

Bagira walikuwa wamefika. Firmin aliruka, akaupangua mpira, akaanguka matopeni, na akiwa chini akasema, "Juu iko mu garde yake, professeur!"

Uwanja ulilipuka. Mashabiki wetu walimshangilia mara mbili, mara moja kwa mpira na mara moja kwa sheria. Upande wa Bagira walianza kupiga kelele za majibu ya uongo ili kumpotosha. Mama mmoja mwenye sauti nene alisimama juu ya jiwe akalia, "Ni mwenye nyumba! Firmin, ni mwenye nyumba!" Mwamuzi alitaka kumwonya, hakujua ampe kadi ya rangi gani.

Ikaendelea hivyo. Tawi la mti limevunja gari, Firmin akapata. Mtungi umemwagikia mtoto, akakosa. Papa Apollinaire aliacha kufundisha mpira, akawa anawaambia mabeki, "Mubakie kule mbele kidogo, mutoto iko anajibu!" Mchezo ulikaribia kwisha bila goli, na Firmin ana tisa juu ya ishirini. Ilibaki alama moja apite, na swali moja.

"Sikia vizuri," alisema profesa, amesimama sasa. "Mutu amepewa kitu akichunge. Karibu yake kuko wengine wanne, walipashwa kumusaidia, hawakumusaidia. Kile kitu kimeleta hasara. Mwenye kupata hasara, nani anamujibu?"

Nilimwona Firmin akikunja uso. Akageuka mzima mzima kumtazama profesa, mgongo kwa uwanja, ili afikiri.

Mchezaji wa Bagira aliona mgongo ule kutoka mbali, akapiga. Hata hakupiga kwa nguvu. Mpira ulikuja polepole kama mtoto aliyetumwa chumvi, ukapita katikati ya miguu ya mdogo wangu, ukaenda kusimama wavuni mbele ya viatu vya profesa.

Kisha vidole. Papa Apollinaire alimwonyesha profesa: nani anauliza mutu swali wakati ya mechi? Profesa alimwonyesha Monsieur Barthélemy aliyepanga mambo hayo. Monsieur Barthélemy alinionyesha mimi, mlezi. Mabeki walionyeshana wenyewe kwa wenyewe, na Willy, maskini, alionyeshwa na wote. Nilifungua mdomo, na nakuambia ukweli, kidole changu kilikuwa tayari kwa kocha.

"Ni mimi," alisema Firmin.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini vidole vilishuka.

"Mupira ilikuwa mu garde yangu. Ni mimi mwenye kujibu."

"Na ba défenseurs?" aliuliza profesa taratibu.

"Ba défenseurs nitabagombeza kisha. Lakini mwenye kujibu kwanza ni mimi."

Profesa Pascal alitupa mwavuli. "Ni ile!" alilia. "Ni ile kabisa! Anajibu yeye mbele, kisha anafuata benzake! Onze! Onze sur vingt!" Firmin alikuwa ameisema sheria bila kujua. Profesa aliandika kumi na moja yake kwenye karatasi, akanipa mkononi, akarukia gari lililokuwa tayari linaondoka. Nililia mbele ya watu wote na sikujali.

Tulipoteza fainali kwa goli hilo. Pikapu ya timu iliondoka bila sisi, Papa Apollinaire akiangalia upande mwingine. Monsieur Barthélemy alisema muhuri wa kadi ni mambo ya kesho. Basi tukateremka kwa miguu, na chini ya mteremko kilikuwepo kizuizi, na hakukuwa na njia nyingine.

"Kadi," alisema askari.

Nilimpa karatasi ya profesa. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Hakuisoma. Alimtazama Firmin kuanzia matope ya miguuni, akapanda polepole mpaka usoni.

"Ni wewe gardien wa Umoja?"

"Ni mimi."

"Mwenye mupira ilipita mu miguu leo, pole pole vile?"

"Ni mimi."

Akawaita wenzake. Walimzunguka Firmin, wakacheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake.

"Commandant anatafuta vijana barefu," alisema yule wa kwanza akijifuta macho. "Lakini huyu? Adui atapita katikati ya miguu, na yeye anaangalia! Jeshi itamuweka wapi? Leka! Mupite!"

Nilimshika Firmin mkono ili tupite. Hakusogea. Uso wake ulikuwa umeumia kweli.

"Lakini chef," alisema, "siku zote ninakamataka. Hata penalty ninakamataka. Uliza watu."

Nilimkanyaga kidole gumba kwa kisigino cha kiatu changu cha misa, nikamvuta huku anachechemea, na sikumwachia mkono mpaka nyumbani.