Mgongo wa Karatasi

Kabla sijaanza, tuelewane: jina la mgombea sitalitaja. Wa kwangu simtaji, wa mama mkwe ndiyo kabisa. Nilinyanyua mkono mbele ya msimamizi wa kituo nikaapa, na mimi nina makosa mengi ila kiapo sichezei. Atakayeniuliza anauliza bure. Jueni tu kwamba wake na wangu walikuwa mbingu na ardhi, na kwamba tuligombana kwa ajili yao miezi minne, kila siku ya Mungu, kuanzia chai ya asubuhi.

Tena tulikuwa tunagombana huku tukifanya kazi. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha. Yeye anakaa mkono wangu wa kushoto, kwenye kiti chenye egemeo, kopo la vifungo mapajani. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Presha ya macho ilimpofusha miaka kumi na tano iliyopita, lakini mpe shati na vifungo saba atakurudishia shati limekamilika, na ukipima nafasi kati ya kifungo na kifungo kwa futi hupati tofauti. Anapima kwa kidole gumba. Mimi mwenye macho yangu mawili mara ngapi nimefumua.

Alihamia kwetu mwaka jana, baba mkwe alipofariki. Alikuja na sanduku moja, kopo lake la vifungo, na mdomo wake.

"Huyo mtu wako," ananiambia redio ikianza tu, "maneno asali, kazi hamna."

"Na wako je, mama? Miaka mitano yuko bungeni, mtaani hapa bado tunaruka madimbwi."

"Kwani madimbwi kayachimba yeye?"

"Hajayachimba, ila kayakuta na kayaacha!"

Hapo mume wangu anabeba kikombe chake anatoka nje. Yeye na ndugu yake, shemeji yangu dereva wa lori, hawajui kumbishia mama yao. Mmoja ni "ndiyo, mama", mwingine ni "sawa, mama". Akigeuka tu, wote wawili wananikonyeza, maana mgombea wao ni yule yule wangu. Nilikuwa nawaona wana adabu kuliko mimi.

Sasa, mama alikuwa ameandikishwa kule alikokuwa akikaa na marehemu, safari ya siku nzima. Redio ikatangaza: aliyehama makazi aende kituo cha karibu na kadi yake, ahamishe taarifa zake kwenye daftari, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Mama akaweka sindano chini.

"Mwanangu, utanipeleka nikahamishe."

"Kesho, mama."

Kesho yake nikasema kesho. Nilikuwa na sketi thelathini za wanafunzi, hilo ni kweli, mtu asinisingizie. Lakini kwenda na kurudi kituoni ni saa moja tu, na saa moja ningeipata. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: asipohamishwa hatapiga, na asipopiga, yule wake anapungukiwa na moja. Haya, nimesema. Niliiona ni akili nyingi kweli.

Ijumaa nimeamka nakuta mama kaoga, kavaa, kakaa kwenye kiti mlangoni na fimbo mkononi. Hata kuku walikuwa bado.

"Leo ukisema kesho," akasema, "nitatoka peke yangu. Mdomo ninao, nitauliza njia."

Aliongea taratibu tu, bila kununa. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasema, "Mama, tunakwenda. Kadi iko wapi?"

"Kwenye pindo la gauni langu la bluu."

Moyo ulinilipuka paa. Mama mkwe haamini pochi. Anasema pochi inakwapuliwa, lakini hajasikia hata siku moja mtu kakwapuliwa pindo. Kila karatasi yake ya maana anaishonea ndani ya nguo. Na lile gauni la bluu, jamani, mimi nilikuwa nimelikata. Alipokwenda kwa shemeji mwezi mzima, niliona limechanika chini, nikalikata usawa wa nyonga, nikalitengeneza likawa blauzi nzuri ya kumfurahisha. Alifurahi kweli, akidhani ni kitambaa kipya, nami sikumwambia. Pindo sikuligusa. Nililitupa kwenye mfuko wa mabaki.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Nalitafuta, mama."

Nikaumwaga mfuko wa mabaki sakafuni. Kijani, khaki, maua, hakuna bluu. Mume wangu kapiga magoti na yeye, anapekua na mswaki mdomoni. Saa mbili ikafika. Nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani nifikirie, na hapo ndipo nilipokumbuka. Mto wa kiti! Niliujaza mabaki miezi mitatu iliyopita, mgongo uliponisumbua.

Niliuchana kwa wembe. Pindo la bluu lilikuwa katikati kabisa, limejikunja, na ndani yake kitu kigumu cha pembe nne. Miezi mitatu mizima nilikuwa nimeikalia kadi ya mama wa watu, nikishona na kumbishia.

Nikamweleza, sikuficha. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akafuta macho, akanyoosha shingo upande wangu.

"Habari za kadi hukuwa nazo. Hilo naamini. Na zile kesho kesho?"

Nilitafuta uongo, sikuupata.

"Hizo nilikuwa na habari nazo, mama."

"Haya. Nipe mkono twende."

Kituo kilikuwa kwenye darasa la shule. Karani, binti mmoja mwenye miwani, alichukua kadi akaigeuza geuza, maana ilikuwa na nyuzi za bluu pembeni. Akamuuliza mama makazi ya zamani na ya sasa, akaandika. Akampiga picha. Alama za vidole zilikataa mara ya kwanza, si unajua, vidole vya mshonaji vimetobolewa na sindano maisha yote. Binti akavifuta kwa kitambaa, akavibonyeza tena kimoja kimoja, vikakubali.

"Bibi," akasema, "siku ya kura unaruhusiwa kusaidiwa na mtu unayemwamini, unayemchagua mwenyewe. Anakula kiapo kwamba ataweka alama unapotaka wewe, na hatasema. Na haruhusiwi kumsaidia mwingine zaidi yako."

"Zamani alikuwa mume wangu," mama akasema. "Mara tatu."

"Na sasa?"

"Nitafikiria."

Jumapili shemeji alikuja kula kwetu, na kabla sahani hazijatolewa alishajitolea. "Mama, usihangaike, mimi nipo." Mume wangu naye, "Si nitampeleka mimi, nakaa naye?" Wakaanza kuvutana, heshima tupu, kila mmoja anampenda mama kuliko mwenzake.

Mama akawanyamazisha kwa kugonga kopo la vifungo.

"Atanisaidia huyu." Akaninyooshea kidole, tena akanipata sawasawa.

"Huyu?" Mume wangu karibu apaliwe. "Mama, huyu si mnagombana kutwa?"

"Ndiyo."

"Lakini mama..."

"Wewe unaniambia ndiyo, mama. Ndugu yako sawa, mama. Baba yenu, Mungu amrehemu, hakunibishia hata siku moja. Namwambia ninayemtaka, anasema vizuri, bibie. Nasikia karatasi inakunjwa, inatumbukia, ananiambia tayari, bibie. Nami natoka." Akageuka upande wangu. "Huyu akitaka kunikatalia atanikatalia hapa hapa, mkisikia wote."

Shemeji akatazama sahani yake. Mimi nikasimama nikaenda kuosha vyombo, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka kuulizwa. Mtu aliyenikamata kwenye mto wa kiti, ndiye ananipa kura yake!

Siku yenyewe ilikuwa na jua la wastani na foleni ndefu. Wazee na wasioona walipitishwa mbele. Msimamizi alihakiki jina la mama kwenye daftari, akaniapisha, nikatia sahihi. Karatasi ilikuwa moja, ya mbunge, wagombea watano, kila mmoja na picha yake na kisanduku mbele yake, wamepangwa juu hadi chini.

Kwenye kile kibanda cha kupigia kura mama aliniambia, "Niwekee kidole juu kabisa, kisha ushushe, unitajie kila mmoja."

Nikamshika kidole, nikamshusha. Nikamtajia wote watano kwa sauti ya chini. Alirudi mwenyewe kwenye mmoja, akagonga mara mbili.

"Huyu hapa. Wangapi kutoka juu?"

Nikamjibu. Wangapi, sisemi, niliapa.

Nikachukua kalamu. Sasa niwaambie ukweli. Yule wangu alikuwa hapo hapo, ananitazama na tabasamu lake. Mawakala walikuwa mbali, wanatazama mgongo wangu. Msimamizi yuko na mtu mwingine. Mwenye kura haoni. Mkono ukisogea kidogo tu, nani atajua? Nilisimama na kalamu hewani, na nilitamani, kweli nilitamani. Kisha nikasikia pumzi ya mama karibu na bega langu, ametulia kabisa, anasubiri kama anavyonisubiri nimalize mshono apokee shati.

Nikaweka alama palepale alipogonga. Niliikandamiza kwa hasira kama nachora chaki kwenye jinzi, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, kalamu nusura itoboe.

"Tayari, mama."

"Ilete."

"Niikunje?"

"Hapana. Ilete."

Nikampa. Akaigeuza uso chini, akailaza kwenye kibao, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa juu. Akaanza kushuka, gumba, gumba, midomo inahesabu bila sauti, vile vile anavyopima vifungo. Akafika. Alama ilikuwa imevimba mgongoni mwa karatasi. Akaipapasa mstari mmoja, akapapasa wa pili pale unapokatiza, akarudia.

Nilidhani atafurahi. Alisimama tu, kidole hakiondoki.

"Kumbe inahisika," akasema.

Msimamizi akatukoholea. Mama akaikunja mwenyewe mara mbili, akaomba aelekezwe sanduku lilipo, akaitumbukiza kwa mkono wake. Nami nikapiga yangu, nikampa yule yule niliyempigania miezi minne. Kwa hiyo kura zetu mbili zilifutana pale pale, na kuna watu watasema tulipoteza muda. Waseme.

Njiani kurudi, hata nilipomchokoza kuhusu madimbwi hakunijibu, na hilo lilinitia hofu kuliko matusi. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake. Akatoa shela kuukuu, akaniomba wembe, akafumua pindo lake mwenyewe. Ndani mlikuwa na barua imekunjwa mara nne, ya siku za uchumba, baba mkwe alipomwandikia kutoka alikokuwa akifanya kazi.

Aliifungua mapajani, akaigeuza uso chini. Akapitisha vidole mgongoni mwake, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka chini kwenye sahihi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na hata mimi kutoka pale niliyaona maandishi yamevimba upande wa pili.

"Alikuwa na mkono mzito," akasema. "Mzito kuliko wako. Na mara zote tatu kura yangu aliikunja yeye, kabla sijaigusa."

Nilikaa chini karibu naye. Nilimchukia baba mkwe pale pale, Mungu anisamehe, halafu nikaukumbuka mto wangu wa kiti, nikaona sina uso wa kumchukia.

"Mama, labda hakudhani..."

"Usinifariji," akasema. "Wewe hujui kufariji. Wewe unajua kubisha."

Akaikunja barua, akaniwekea mkononi pamoja na lile shela.

"Nishonee tena. Na kadi yangu uitie hapo hapo, zikae pamoja, baba yenu anione." Akavuta kopo la vifungo, akalitikisa. "Kisha washa redio. Huyo mtu wako ameshaanza kulia?"

"Hajaanza, mama. Wa kwako ndiye atakayelia."

"Thubutu!" akasema, na mkono wake ukanitafuta, ukanishika kifundo cha mkono, ukakaa hapo.