Sinia Lisilopinduka

Wazo la masinia lilikuwa la mkewe. Darasa la dansi lilikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani, na mwalimu alikuwa amewataka watunge mchezo wao wenyewe wenye vifaa vya kushika mkononi. Mmoja alitaja miavuli, mwingine mafagio. Mkewe, msusi ambaye hajashindwa mabishano tangu azaliwe, akasema masinia, tena ya bati, yang'ae na yapige kelele. Darasa likashangilia. Mumewe peke yake hakupiga makofi.

Maskini, yeye alikuwa weita. Ujana wake wote ulipita kati ya jiko na meza, na sinia kwake halikuwa kitu cha mzaha. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: nenda kulia, zungusha nyonga, pindua sinia, ligonge kwa kiganja, lirushe, lidake. Wenzake wote walipindua. La kwake lilibaki limelala sawa juu ya vidole. Kiuno kilikatika, magoti yalikunjika, shati lilichomoka kwenye suruali, lakini sinia lilitulia tuli kana kwamba limebeba chai ya moto ya mteja mwenye hasira.

"Baba watoto, pindua basi!" mkewe alimwambia huku kicheko kikimbana mbavu. "Si tupu hilo?"

"Najua ni tupu. Mkono ndio haujui."

Wakavunjika mbavu wote, na fundi seremala ndiye aliyecheka kwa raha zaidi. Huyu alikuwa mgane, kiuno hakina mfupa, na kila mara alijikuta, eti kwa bahati tu, amesimama karibu na msusi. Weita alimwonea gere waziwazi wala hakuona haya. Siku ya harusi yao mkewe alimwomba wacheze, naye akapoteza sherehe nzima akiwakosoa waliokuwa wakigawa vinywaji. Darasani alikuja kwa sababu hiyo moja: acheze na mkewe, basi.

"Baba, utanisamehe," mwalimu alisema kwa adabu, maana alikuwa rika la binti yake. "Turudie mara moja. Ikishindikana, utatusaidia kuwasha redio, na mama atacheza na fundi."

Fundi akatoa meno yote nje. Weita akashika sinia lake upesi.

Muziki ukaanza. Akaenda kulia, akazungusha nyonga, akafumba macho na kulirusha sinia kama mtu anayetupa nyoka. Likaanguka kwa kishindo, likabiringika kwa ukingo hadi miguuni pa mwalimu, likayumba na kupiga makelele mpaka likalala.

Hapo mazoea yakamvaa. Akainama, mkono mmoja nyuma ya mgongo. "Samahani sana, mama. Naleta nyingine sasa hivi." Akachomoa begani kitambaa ambacho hakikuwepo, akapangusa sakafu, akageuka kwa kisigino na kuondoka mbiombio kuelekea jikoni kusiko na jiko. Redio ilikuwa bado inaimba, na kila alichofanya kiliangukia kwenye mdundo.

Mkewe, machozi ya kicheko yakimtiririka, akaachia sinia lake: pwaa! Akainama, akapangusa, akageuka. Wengine wakafuata, pwaa, pwaa, samahani sana mama, samahani sana mama! Fundi alijiangushia lake kwenye kidole cha mguu, akainama kuliko wote.

"Hiyo hiyo!" mwalimu alipiga kelele, ameshikilia mlango asianguke. "Baba, kaa mbele! Mbele, pale na mama!"

Muziki ulipokoma, weita alisimama akihema. Masinia yalikuwa yametapakaa kila mahali, fujo ambayo kazini ingemfukuzisha, na alikuwa na furaha mpaka akaona aibu kidogo. Mkewe akamfuata, amejishika mbavu.

"Umechoka, mume wangu? Tupumzike?"

"Tupumzike nini?" Akaokota sinia la mkewe, akampa. "Mwalimu, weka muziki!"